Mwaka Niliohesabu Wanaoanguka

Tumemzika Faki Alhamisi iliyopita, baada ya sala ya adhuhuri, na mpaka leo kofia aliyonishonea iko kichwani mwangu. Njiani kuelekea makaburini vijana waliopokezana jeneza walikuwa wakisema ni jepesi, na mimi nyuma yao, na fimbo yangu, nikifikiri kwamba Faki alibebwa na watu kwa miaka arubaini na zaidi, na kwamba mara ya kwanza kabisa alipobebwa, mimi ndiye niliyetoka mlangoni kumpokea. Mjukuu wake mmoja, mtoto wa maswali, aliniuliza, "Babu, ni kweli babu yetu aliwahi kutembea?" Nikamwambia alitembea, na si kutembea tu, alikuwa akipanda mikarafuu mpaka kileleni, kwenye vitawi visivyomstahimili hata kunguru. Mtoto akacheka. Hakuamini. Nikaona bora niandike, maana umri wangu si wa kuahirisha mambo tena, na mwaka ule, mmoja katika ile miaka ya vita vikubwa, sijawahi kumsimulia mtu wote.

Wakati huo nilikuwa dresa, kijana wa miaka ishirini na tatu, katika hospitali ndogo nje kidogo ya Wete. Kazi yangu ilikuwa kusafisha vidonda, kufunga bendeji, kumshikia Daktari mguu wa mtu anapounyoosha, na kuandika. Chumba chetu kilikuwa na meza ndefu iliyofunikwa bati, kabati la vioo lililopotea ufunguo, na dirisha moja lililotazama njia ya mashambani. Kwa dirisha lile nilijifunza kuujua msimu. Karafuu zikikomaa, huanza kusikika hatua za watu wanne wanaokwenda kwa pamoja, si haraka si polepole, na ukichungulia utaona kitanda cha kamba mabegani mwao na mtu juu yake. Mkarafuu ni mti wa hila. Mfenesi hulia kabla ya tawi kuvunjika, mtu akapata nafasi ya kujishika. Tawi la mkarafuu hukatika hapo hapo, na mchumaji bado yumo katika maneno aliyokuwa akimwambia mwenzake. Wengi waliniambia hivyo, kwamba walikuwa katikati ya maneno. Mpaka leo mtu akinyamaza ghafla katika mazungumzo, mimi humtazama miguu.

Daktari wetu alikuwa Mhindi aliyezaliwa nyuma ya duka la babake hapo hapo Wete, akaenda Bara Hindi kusoma, akarudi na miwani na ugonjwa wa kupenda hesabu. Kipemba chake kilikuwa kizito kuliko changu. Saa saba mchana, mimi nikila muhogo wangu na papa, yeye chapati zake na mbaazi, upande wa pili wa meza ile ile ya bati tukiwa tumeshaifuta vizuri, alikuwa akifungua vitabu vya zamani vya hospitali na kunisomea kama mtu anayesoma barua za jamaa zake. Mwaka ule mikarafuu ilibeba mpaka ikatisha. Bwana Shamba alikwisha kupita akitazama matumba na kukisia mavuno, na alichokikisia hakikuwahi kuonekana katika vitabu vyetu. Daktari aliingiwa na wasiwasi wa bendeji na mbao za kufungia mifupa, maana vitu hivyo viliagizwa Unguja, na kwa sababu ya vita vilichelewa miezi. "Hamad," aliniambia, "tukiagiza vichache, watu watalala hapa wakilia. Tukiagiza vingi, hatupewi. Lazma tujue wataanguka wangapi." Nikamwambia hilo analijua Mungu. "Mungu ajua nani," akasema. "Mie nataka wangapi tu, tena kwa kukisia."

Akatoa karatasi yenye vijimraba. Chini, kutoka kushoto kwenda kulia, tuliandika magunia ya karafuu yaliyotoka bandarini kila msimu. Ubavuni, kutoka chini kwenda juu, idadi ya walioletwa kwetu kwa kuanguka. Kila msimu ukawa doa moja la wino. Yalikuwa madoa tisa. Nilipokuwa nikiyatia sikuona kitu, lakini nilipoinua kichwa niliona yamekwenda upande mmoja, yakipanda kama watu wanaofuatana kilimani: karafuu zikizidi, na walioanguka wamezidi. Daktari akaniomba uzi. Niliokuwa nao ni uzi mweusi wa kushonea vidonda. Akaunyoosha juu ya karatasi, akabana ncha zake kwa pini mbili, kisha akawa anaupandisha na kuushusha, kidogo kidogo, mpaka ukapita katikati, madoa ya juu yakalingana na ya chini kwa umbali wake. Halafu akaweka kidole kwenye makisio ya Bwana Shamba, akakipandisha moja kwa moja mpaka kwenye uzi, akageukia ubavuni akasoma. "Kumi na saba," akasema, kwa sauti ya mtu aliyeulizwa saa.

Doa moja tu lilikataa kufuata wenzake. Lilikaa juu peke yake: msimu wa karafuu chache na walioanguka wengi. Nilipouliza, Daktari alisema ulikuwa mwaka wa mvua, miti iliteleza. "Liache hilo, lisituvutie uzi." Tukaliacha. Ningekuwa na akili ya leo ningeliuliza doa lile maswali yangu yote, nikayaacha yale manane yaliyojipanga vizuri. Lakini nilikuwa kijana, na kilichojipanga vizuri kilinipendeza. Daktari mwenyewe alinionya, lazima nimtendee haki. Alisema uzi hauna amri, unasema karibu na hapa tu. Yaweza kuwa kumi na wanne, yaweza kuwa ishirini. Na akasema si kila vinavyopanda pamoja kimoja humleta mwenziwe. "Mwaka wa karafuu, harusi nazo huzidi Wete hino. Lakini harusi haimvunji mtu mguu."

Maneno hayo ya harusi niliyachukua mpaka nyumbani, maana yalinichekesha. Nilikuwa nikikaa chumba kimoja na Faki, uwani kwa dada yake, Da Mize, mjane ambaye katika ndugu zake wote alibakiwa na huyo Faki tu. Faki alikuwa mchumaji wa vilele. Wachumaji wengine huishia matawi ya katikati na kuyavuta ya juu kwa ngoe, kile kijiti chenye ncha iliyopinda. Faki alikwenda mwenyewe, bila kamba, huku akiimba, na wenye mashamba walimgombania. Chakula cha magharibi tulikula sote watatu barazani kwa nyuma, sinia moja, taa ya chemni katikati. Niliposimulia kwamba harusi haimvunji mtu mguu, Faki alisema, "Yategemea harusi ya nani, yakhe," tukacheka. Kisha, kwa kutaka kuonekana msomi, nikaitaja ile namba. Da Mize aliushusha upawa.

"Mumewahesabu watu?" akaniuliza.

"Tumekisia tu, Da Mize. Kwa ajili ya bendeji."

"Kabla hawajaanguka? Mtu hahesabiwi, Hamad. Mie hata vifaranga vyangu sivihesabu."

Kwetu jambo hilo lina jina lake, uchuro, na nililijua tangu utotoni, hata mama akiulizwa ana watoto wangapi hujibu, "Mungu kanijaalia." Nililijua, nikaona nimesoma nikalipita. Siku ya pili namba ilikuwa kisimani. Siku ya tatu ilikuwa Tumbe, imepanda baiskeli za wachuuzi wa samaki. Wete ya siku zile ukipiga chafya sokoni, bandarini walikuombea rehema. Jioni moja nilipita penye baraza ambapo wanawake walikuwa wakichambua karafuu, wanatenga chembe na makonyo, vile vijiti vyake, vidole vinakwenda bila kutazamwa, nikasimama nyuma ya ukuta kusikiliza kwa sababu nilisikia wananitaja. Mmoja alisema dresa wa hospitali ana vitabu vya uganga. Mwingine, mtu mzima kwa sauti, akamkatiza: "Si hesabu ya dresa hiyo. Ni ya mti. Mti una haki yake, na mwaka huu wataka watu kumi na saba. Dresa kasoma tu." Hakuna aliyembishia. Nilitaka kuingia nikawaeleza habari ya uzi na pini, na kwamba uzi unasema karibu na hapa, lakini nilijiona jinsi nitakavyosimama mbele yao na karatasi yangu, nikaenda zangu.

Na sasa nitasema jambo ambalo kwa miaka mingi limenisumbua kuliko mengine. Hofu ile ilifaa. Faki, ambaye dada yake alimlilia miaka afunge kamba, alianza kufunga kamba. Alinunua mpya, ya nazi, akaipaka mafuta, na asubuhi akiondoka ameizungusha kiunoni. Vilele akaviacha, akawa anavivuta kwa ngoe kama watu wengine. Kila magharibi, kabla hajatia mkono katika sinia, aliniuliza, "Wangapi?" Nami nikamjibu: sita, au tisa. "Wabakia wanane," akasema, akala. Da Mize naye alinishika siku moja nikitawadha. "Mwambie asipande kabisa mpaka ziishe hizo kumi na saba zenu." Nikamwambia haziishi namna hiyo, si deni hilo, uzi ni makisio. Alinitazama kama mtu anayetazama mganga aliyekubali kwamba dawa yake ni maji. "Basi mlihesabiani?" akauliza.

Msimu uliendelea, jua kavu, mji mzima umenuka karafuu, majamvi yameanikwa mpaka njiani, na kwenye dirisha langu hatua za watu wanne. Niliwajua kwa sauti kabla sijawaona. Kila mara nilichungulia nione kama ni Faki, na nikiona si yeye nilishukuru, huku mtu mwingine anaugua mbele yangu. Hiyo ilikuwa dhambi moja. Ya pili ni kubwa zaidi. Walipofika kumi na watano nilifurahi. Nilifurahi kwa sababu uzi ulikuwa ukisema kweli. Nilikuwa nikiwaandika kitabuni kwa mwandiko mzuri, na nikirudi kwenye ile karatasi iliyobandikwa ndani ya mlango wa kabati kuona tumefika wapi. Daktari hakuwa akiitazama tena; mbao zake zilifika, zikatosha, kwake kazi ya karatasi ilikwisha. Mimi ndiye niliyeigeuza saa ya kungojea.

Wa kumi na saba alikuwa mtu wa Makoongwe, mvuvi aliyekuja kuchuma kwa msimu ule tu. Alivunjika mkono, hakuumia zaidi. Wenzake waliomleta walimwambia pale pale mlangoni kwamba yeye ndiye wa mwisho, naye, jasho linamtoka kwa maumivu, akacheka. "Basi mie ndiye kizibo," akasema. Nilipotoka nje kumwaga maji niliwaona wale waliombeba wanapeana mikono kama watu waliotoka sala ya Idi. Jioni ile shamba moja walichinja mbuzi wa sadaka, wakasoma dua. Mti umepata haki yake, walisema. Kilichobaki mashambani sasa kilikuwa vilele, ambavyo msimu mzima kila mtu aliviogopa, na karafuu za vileleni zilikuwa zinakaribia kufunguka ziwe hazifai.

Da Mize alipika wali siku ile. Mchele ulikuwa adimu kwa ajili ya vita na sijui aliupata wapi. Wali wa nazi, na changu wa kukaanga, na bilauri za chai. Alikuwa ameshika sahani ya samaki mikononi, hajaiweka chini, ananitazama mimi. Faki akauliza kama kawaida yake, "Wangapi?"

"Kumi na saba," nikasema. "Imetimia."

Nimeyarudia maneno hayo zaidi ya nilivyorudia kitu chochote nisichofundishwa madrasa. Ningeweza kusema, "Wamefika kumi na saba," na kunyamaza. Ningeweza kusema alivyosema Daktari, kwamba yaweza kuwa ishirini. Nililijua. Katika Wete nzima tuliolijua ni wawili, na mmoja wao alikuwa mezani kwake anakula chapati. Nilisema imetimia kwa sababu Da Mize alinitazama, na kwa sababu nilichoka kuulizwa, na kwa sababu raha ya kupatia ilikuwa bado kinywani mwangu. Da Mize aliweka sahani chini, akasema, "Alhamdulillahi," akalia kidogo, akajifuta kwa ncha ya kanga, akamwekea Faki kichwa cha samaki. Faki aliinuka akaifungua ile kamba kiunoni, akaitundika kwenye msumari nyuma ya mlango wa chumba chetu.

Alfajiri tuliamka na manyunyu. Hayakuwa mvua ya kusema mvua, yalikuwa yale ya kulowesha majani tu, na jua likatoka baadaye kama si yeye. Nilipofunga mlango kwenda kazini niliiona kamba juu ya msumari. Faki alikwisha kuondoka. Niliiona, na wakati ule ule nikaliona lile doa lililokaa peke yake juu ya karatasi, wazi kabisa, kama niko mbele ya kabati. Nilisimama. Shamba alilokwenda lilikuwa mwendo wa nusu saa, na mimi nilikuwa nimechelewa. Nikasema ni manyunyu tu. Nikaenda kazini.

Saa nne nilisikia hatua. Sikwenda dirishani. Nilitoka moja kwa moja mpaka mlangoni, nikangoja, na kabla sijaona uso niliona unyayo wake umening'inia pembeni mwa kitanda, una gome bichi la mkarafuu. Nyonga ilikuwa imepondeka, na miguu yote miwili. Da Mize alikuja nyuma yao, ameshika ngoe ya Faki, sijui kwa nini, nadhani ndicho kitu alichokikuta chini. Alikaa kizingitini. Hakulia na hakunitazama, na siku ile nzima hakuna mtu aliyethubutu kumwondoa pale.

Faki aliweza kusema siku ya tatu. Nilikuwa nikimbadilishia bendeji, tuko wawili tu, na jua limeingia mpaka miguuni pake.

"Hamad," akasema. "Mie n'kawa wa ngapi?"

"Wa kumi na nane."

Akafikiri. "Basi ulikosea mmoja," akasema, akafumba macho.

Baada yake hakuanguka mwingine, maana hakupanda mwingine. Vilele vya mwaka ule viliachwa vikafunguka maua. Msimu ulipofungwa, Daktari aliileta ile karatasi mezani akaniambia nitie doa la kumi. Nilitia. Lilianguka juu kidogo tu ya uzi. Daktari alizing'oa pini akaunyoosha uzi upya ili nalo lihesabike, akapima, na haukusogea hata kwa unene wake wenyewe. "Umekisia vizuri," akasema, anausemea uzi. Kisha akasikia alichosema, akavua miwani, akawa anaifuta kwa muda mrefu. Msimu uliofuata aliagiza mbao bila karatasi, au kama alikuwa nayo hakunionyesha.

Da Mize aliendelea kunipa chakula mpaka nilipooa nikahama, na alikuwa akiniwekea vipande vizuri, lakini hakuniuliza tena kitu chochote ambacho jibu lake ni namba. Faki alijifunza kushona kofia, alioa, alizaa, hakutembea. Nilikwenda kwake kila Ijumaa. Akiwapo mgeni, alinitambulisha kwa njia moja tu, miaka yote ile, sindano iko mkononi: "Huyu ndiye dresa aliyekosea mmoja." Mgeni alicheka bila kujua anacheka nini, Faki akacheka, nami nikacheka. Sikuwahi kumwambia kuhusu doa la mwaka wa mvua, wala kwamba asubuhi ile niliiona kamba. Kila Ijumaa nilisema leo, na kila Ijumaa aliniwahi kwa mzaha wake, na mzaha ulikuwa mwepesi kuubeba kuliko ukweli, basi nikauchukua huo.

Alhamisi, walipokwisha kumfukia na kumwagia maji, watu wakaanza kutawanyika na mimi sikuondoka. Nilikuwa nangoja, nikajua ninachokingoja ni ule mzaha wake, na kwamba hakuna aliyebaki wa kuusema. Yule mjukuu akarudi akanishika mkono. "Babu," akaniuliza, "walia nini, na weye ni mtu mzima?"

Nikamwambia nilikosea mmoja.